Kibodi ya Kwaya

Jumatatu saa kumi alasiri Jeannette alipiga ukurasa mzima kutoka kwenye daftari lake, akaweka nukta ya mwisho, akainua macho, akakuta kioo cha tableti kiko kitupu kama alivyokiacha. Hata herufi moja haikuingia. Na ile kibodi isiyo na haya, taa yake ndogo ya buluu ilikuwa inawaka bila wasiwasi wowote, taa ambayo maana yake ni kwamba tumeshaungana, endelea na kazi.

Hakupiga kelele. Kelele mtu huzipiga mara ya kwanza na ya pili, na hii ilikuwa labda ya kumi katika wiki tatu. Alivua miwani, akaikunja, akakaa akitazama ukuta mpaka maji ya maharage yakaanza kumwagikia jivu. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kurasa kumi na mbili. Kwa miaka mitatu Jeannette alikuwa anasomea cheti cha kazi za jamii katika chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa intaneti, na kurasa hizo ndizo zilizobaki kati yake na cheti. Zilitakiwa kufika Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Chuo kilikwisha kumsogezea tarehe mara mbili, mara moja kwa malaria na mara moja kwa msiba, na barua ya mwisho ilisema kwa adabu nyingi kwamba mara ya tatu haipo, jina litaondolewa. Huko Likuni, pembeni mwa mji, kulikuwa na shule iliyomwambia alete cheti kwanza ndipo wazungumze habari ya kazi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, cherehani imemla mgongo, na hakuwa na miaka mingine mitatu ya kumpa mtu.

Kichwa cha kazi kilikuwa hiki: ugomvi kwenye foleni ya maji katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na njia za kuwapatanisha wagomvi. Habari ya kupatanisha tutaifikia.

Utauliza kwa nini asiandike kwa kidole kwenye kioo kama watu wengine. Kioo kilikuwa na ufa. Tableti aliirithi kwa mtu aliyemaliza masomo, ikawahi kuanguka kwenye saruji ya bomba, na sehemu ya chini, pale herufi zinapojitokeza, ilikufa ganzi. Ukiigeuza upande, ufa unakula herufi za pembeni. Bila kibodi ya nje hakukuwa na kazi.

Utauliza pia ni mtu gani anayepiga ukurasa mzima bila kuangalia kama kuna kitu kinatoka. Hilo lina asili yake. Jeannette na mdogo wake Marlène walisomea ukarani Bukavu, zamani za mashine za chuma, kwa mwalimu mmoja aliyeitwa Mama Louise, mwanamke mnene mwenye rula. Alikuwa akiifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa cha jikoni, na kuwakataza kutazama karatasi. Macho kwenye mswada, alisema, mikono inajua njia. Aliyechungulia alionja rula. Kila somo lilianza na zoezi lile lile la vidole kwenye mstari wa kati wa mashine ya Kifaransa, qsdf jklm, qsdf jklm, mistari kumi, ndipo mwanafunzi mmoja anasoma na mwenzake anapiga. Hao dada wawili walisomeana kila siku. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na Jeannette hakuweza kuanza kazi bila qsdf jklm, wala kuchungulia hakuchungulia.

Sasa kibodi. Ilikuwa ya kwaya. Marafiki wa kanisa walioko Ubelgiji walileta tableti na kibodi yake, vyote katika kasha moja, ili kwaya iandike nyimbo zake. Mwaka uliofuata kanisa likapasuka. Sababu ya kupasuka, ukiwauliza watu kumi utapewa kumi na moja. Pasta Balagizi aliondoka na nusu ya waumini akajenga kanisa jipya, na wazee wa pande mbili wakakaa kugawana mali. Waligawana kwa haki mpaka haki ikawa ujinga. Mabenchi, moja kwenu moja kwetu. Gitaa kwenu, spika yake kwetu. Walipofika kwenye tableti, mzee mmoja aliyekwisha choka akasema tableti iende kwa Balagizi na kibodi ibaki, basi, asiwepo atakayesema ameonewa. Hivyo kila upande ukapata kitu kisichoufaa, na pande zote mbili zikarudi nyumbani zimeridhika. Kibodi ililala kabatini mpaka Jeannette alipoiomba.

Marlène alimfuata Balagizi. Jeannette alibaki. Hata hivyo dada hao waliendelea kuazimana chumvi, kwa sababu nyumba zao zinatazamana, njia tu katikati, mpaka siku simu ilipoleta habari kutoka Bukavu kwamba mama yao amefariki. Matanga hukaa kwa mkubwa, nani asiyejua. Lakini pasta Balagizi alisema watu wake hawawezi kukaa mkeka mmoja na wale, na Marlène akatandika mkeka wake mwenyewe, hatua nane kutoka mlango wa dada yake. Mama mmoja, matanga mawili. Watu waliokuja kutoa pole walisimama katikati ya njia, sukari mkononi, hawajui waingie wapi. Tangu siku hiyo, miezi kumi, dada hao hawakusalimiana. Asubuhi kila mmoja alifagia mbele ya mlango wake, na vumbi la huyu likakutana na la yule njiani.

Basi Jumatatu hiyo Jeannette alirudia yote aliyowahi kufundishwa. Alibadilisha betri za kibodi. Alizima na kuwasha, akazima vyote viwili, akahesabu mpaka thelathini. Alilifuta jina la kibodi kwenye orodha ya tableti yake, akaitafuta upya, jina likatokea, akaligusa, akapiga herufi tatu na zote zikaingia, moyo ukampanda. Akaenda kukoroga maharage. Aliporudi, kimya. Alizima redio, maana mtu alimwambia redio zinagombana. Akaondoa masufuria mezani, maana mwingine alimwambia chuma kinazuia. Kitu kilichokufa kabisa mtu hukizika akapumzika, lakini kinachofanya kazi nusu nusu ndicho kinachoua watu.

Mikono yake ilibaki juu ya kibodi, na kwa kuwa haikuwa inaandika popote, ikaandika. Iliandika mama nimechoka. Iliandika tulikulilia nyumba mbili kama watoto wa mama wawili. Wala haikuwa mara ya kwanza. Wiki hizo alikuwa amejizoeza kuimwagia kibodi bubu maneno ambayo hakuwa na wa kumwambia. Siku moja ng'oma za kanisa jipya zilipozidi aliandika nimechoka na kelele zenu, nimechoka na ninyi wote, akaipigia kila herufi kwa nguvu. Ajabu ni kwamba baada ya siku hiyo ng'oma zilinyamaza. Hakujiuliza kwa nini, alishukuru tu.

Jumanne alichukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabara ya lami, na saa nne alikuwa mjini, mtaa wa Kawale, mbele ya kibanda cha Djuma, fundi wa simu aliyetoka Kindu. Djuma alikuwa na sifa ya kutokudanganya wateja, sifa ambayo mafundi wengine walimwambia itamuua kwa njaa.

"Karibu, mama. Iko na ugonjwa gani?"

"Inakubali, kisha inakataa," Jeannette alisema. "Taa inawaka, lakini haiandike."

Djuma alifuta vumbi, akawasha vyote viwili, akamsogezea. Jeannette akapiga qsdf jklm na herufi zikaja zote, zikasimama kwenye mstari bila kosa. Djuma akaiacha kibodi ilale, akaiamsha, ikaja. Akanywa chai yake, akaiamsha tena, ikaja tena. Walikaa karibu saa nzima namna hiyo.

"Mama, hii haina ugonjwa," Djuma alisema. "Iko na afya kunipita mi."

Jeannette alitamani kulia pale pale mbele ya wateja. Ukipeleka mgonjwa hospitali akaonekana mzima, wewe ndiwe unayeonekana mgonjwa. "Ku nyumba inakataa," alisema. "Nakuapia, inakataa."

Djuma aliigeuza kibodi chali, akaichunguza. "Mbele yako ilikuwa ya nani?"

"Ya kwaya. Ilikuyaka na tableti yake."

"Na ile tableti yake iko wapi sasa?"

Jeannette aliitazama taa ya buluu.

"Unaona, mama," Djuma alisema taratibu, kama anayempa mtu habari ya ndugu yake, "hii kibodi inashikaka mu kichwa tableti mbili, tatu. Ukienda kukoroga mboga, nayo inalala. Ukirudia kuigusa, inaamka, na wa kwanza kuita ni yule wa zamani. Kama yule iko mbali, kama hapa Kawale, inakuya kwako. Kama iko karibu, njo inaenda kule. Taa haikudanganye. Imeungana kweli, ila na mwingine."

"Na maneno niliandika?"

"Iko kule."

"Basi wewe ifute huyo wa zamani."

"Haina kitundu cha kumufutia, nimetafuta. Mwenye ile tableti njo anaweza kuingia mu réglage, mu mipangilio, afute jina ya kibodi. Ni dakika moja tu, mama. Umwombe."

Umwombe. Jeannette alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akasema zikomo, asante ya wenyeji, akaondoka. Njiani hakuona kitu. Alikuwa anahesabu. Wiki tatu zilizopita Marlène alichaguliwa kuwa karani wa kanisa jipya, na Jeannette alimwona kwa macho yake akipita na lile kasha jeupe chini ya kwapa. Kabla ya hapo tableti ilikuwa inakaa kwa pasta Balagizi, upande wa pili kabisa wa kambi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuona Bluetooth.

Hakwenda. Jumatano asubuhi, badala ya kuvuka hatua nane, alibeba mzigo wake robo saa nzima mpaka nyuma ya shule, akakaa juu ya tofali, tableti mapajani. Herufi ziliingia vizuri sana. Lakini betri ya tableti hiyo ilikuwa ya uzee, bila waya haimalizi nusu saa, na kwenye duka la kuchajia simu wenyewe walikuwa wamebanana wakitazama mpira, spika mbili zikinguruma. Akarudi nyumbani ameandika aya mbili, vumbi limejaa kwenye nyusi.

"Nihame nyumba yangu sababu ya mudogo wangu?" alijisemea kwa sauti. Jambo lilikuwa wazi. Avuke njia, au apoteze miaka mitatu. Na bado, Mungu amsamehe, ilibidi afikiri.

Wakati anafikiri akaja Nizigama, jirani Mrundi anayesali kwa Balagizi, kupimwa sketi. Nizigama hakuweza kusimama bila kusimulia, hata pini zikiwa kiunoni.

"Mama Jeannette, haujasikia? Ku kanisa kwetu kuko muujiza."

"Muujiza gani?"

"Tableti inajiandika yenyewe. Pasta alikuwa ku nyumba ya Marlène, anaangalia matangazo ya siku ya Mungu, Marlène njo ameishika, nao maneno ikaanza kutoka. Hakuna mutu anagusa. Nimechoka na kelele zenu, nimechoka na ninyi wote. Pasta akaanguka magoti palepale. Tumefunga siku tatu, hata maji hatukunywa. Ng'oma yote ameifungia mu kabati, anasema Bwana amechoka nayo."

Jeannette alikuwa na pini nne mdomoni na kidogo azimeze. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, cha kwanza kwa miezi kumi, akakishika kwa meno. Balagizi chini magoti mbele ya hasira ya fundi cherehani. Kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu alikumbuka maneno mengine aliyoandika.

"Na iliandika nini ingine?" aliuliza, akijifanya anapima pindo.

"Sisi hatujui. Marlène njo anailinda ku nyumba. Anasema tangu siku ile haijaandika kitu."

Nizigama alipoondoka, Jeannette alikaa na sketi magotini. Marlène amesema uongo kwa pasta wake. Na kama tableti ile ilipokea yote, basi kila mara ilipokea kwanza qsdf jklm, mistari kumi, kabla ya neno lolote. Ndani ya kambi ile yote watu waliofundishwa na Mama Louise walikuwa wawili. Marlène alijua tangu mstari wa kwanza.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyomvusha njia. Alikuwa ametunga maneno makali ya kusema, lakini hatua nane ni chache, alifika mlangoni hajamaliza kuyapanga.

"Hodi."

Kutoka ndani Marlène akamwita kama mdogo anavyomwita dada mkubwa. "Karibu, yaya."

Marlène alikuwa amekonda. Ukutani ilikuwapo picha ya mama yao, ile moja waliyokuwa nayo, na Jeannette akajizuia kuitazama. Tableti ilikuwa mezani, imewashwa, ukurasa mweupe uko wazi. Saa ilikuwa inakaribia kumi.

"Nimekuya sababu ya kibodi," Jeannette alisema, bado amesimama.

"Najua."

Marlène aligusa kioo mara mbili, akamgeuzia. Kulikuwa na faili mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina Maji. Ndani yake zilikuwamo kurasa zote za Jeannette zilizopotea kwa wiki tatu, zimepangwa kwa utaratibu wake, kurasa tisa, makosa yamesahihishwa, na sentensi aliyoipiga mara mbili kwa uchovu imeondolewa mara moja. Ya pili iliitwa Mama. Hiyo Jeannette hakuifungua.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu qsdf ya kwanza. Nilikuwa naandika matangazo, vidole vyako vikaingia mule."

"Na haukusema."

"Ningesema, ungeizima." Marlène alikaa kwenye kitanda, mikono katikati ya magoti. "Kila saa kumi niliwasha, nikaweka page tupu, nikangojea. Siku zingine haukuandika. Siku hizo nilifikiri uko mugonjwa."

"Pasta wako anasema ni Mungu."

"Mi sikusema ni Mungu. Mi nilinyamaza tu."

Jeannette alihisi uso wake unataka kucheka na akaukatalia. "Zile za mama hazikuwa zako za kusoma, Marlène."

"Mama alikuwa wangu pia, yaya."

Hapo Jeannette ndipo alipoketi. Alikuwa na haki ya kukasirika na alikuwa amekasirika kweli, lakini hasira ni kazi, na yeye kazi zilikwisha mzidi. Alivuta tableti karibu, akaingia mahali alipoelekezwa na Djuma. Jina la kibodi lilikuwa pale, kibodi ya kwaya, kama walivyoipa zamani.

"Ukiifuta," Marlène alisema nyuma yake, polepole, "mi nitajua je kama uko muzuri?"

Kidole cha Jeannette kilisimama. Angeweza kuiacha. Angeweza hata kuleta kibodi na daftari akamalizia kazi yake hapa, tableti hii ina kioo kizima. Lakini kurasa za foleni ya maji zilikuwa zimemfundisha jambo moja na hakutaka kulikana. Akagusa. Jina likatoka.

"Utavuka njia," alisema. "Ni hatua nane. Mi nimezihesabu."

Akatoka. Kabla hajafika mlangoni kwake tableti yake ililia ndani, inauliza kama anakubali kupokea faili. Maji, kurasa tisa. Neno la kukubali lilitokea upande wa juu, mbali na ufa, kwa bahati, akaligusa. Ile faili ya pili haikuja.

Alhamisi kibodi ilikuwa mtumishi mwema. Ililala, ikaamka, ikaja kwake kila mara. Jeannette alipiga tangu saa sita, waya umechomekwa, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Alimaliza ukurasa wa kumi, akamaliza wa kumi na moja. Lakini macho yalikuwa yamechoka kuliko mikono. Mwandiko wake mwenyewe kwenye daftari ulianza kuogelea, na alijikuta anasoma mstari mmoja mara tatu kabla ya kuupiga. Mara mbili alichungulia kioo, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na mara zote mbili herufi zilikuwapo. Saa kumi ilifika. Alitazama ng'ambo, akaona mlango wa Marlène umefungwa, akajiambia kwamba hakuwa anangojea mtu.

Kivuli kilianguka mezani. Marlène alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa cha jikoni mkononi, na nyuma yake njiani Nizigama alikuwa amesimama na ndoo yake kichwani, mdomo wazi. Kabla ya jua kuzama pasta Balagizi angekuwa na habari. Marlène alijua hivyo, na aliingia hivyo hivyo.

"Leta kaye," alisema.

Jeannette alimpa daftari. Marlène alikitandaza kitambaa juu ya mikono ya dada yake, akavuta kigoda, akaanza kusoma ukurasa wa kumi na mbili. Alisoma kama zamani, taratibu, sauti ikishuka kidogo kwenye kila mkato, ili mwenzake ajue pa kupumua bila kuambiwa. Jeannette aliyaelekeza macho ukutani. Mikono ilijua njia.

Walifika kwenye aya ya mwisho. "Foleni yenyewe haigombanishi watu," Marlène alisoma. "Watu hugombana pale mtu anapoondoka na kuacha ndoo imshikie nafasi. Katika kesi zote tulizozifuatilia, hakuna ndoo iliyopatanisha mtu. Ugomvi uliisha siku mwenyewe aliporudi kusimama." Nukta. Jeannette aliweka nukta. Kesho asubuhi angetafuta intaneti, na saa sita ingemkuta ametuma. Alivuta pumzi yake ya kwanza kamili wiki hiyo.

Marlène hakufunga daftari. Aliendelea, kwa sauti ile ile.

"Mama alipokufa, nilitandika mukeka wangu peke yangu, sababu niliogopa pasta. Batu bakaniuliza yaya yako iko wapi, nikabaambia iko kwake. Nilimusikia analia ng'ambo ya njia siku saba. Ilikuwa hatua nane, na sikuvuka. Mi njo nilikosa."

Mikono ya Jeannette iliandika yote. Ilikuwa imezoea kuitii sauti hiyo tangu Bukavu, na ilifika kwenye nukta kabla kichwa hakijaelewa. Kisha ikasimama chini ya kitambaa.

"Hiyo haiko mu kaye," alisema.

"Haiko," Marlène alisema. Alilifunga daftari. "Uifute. Wasiione ku chuo."

Jeannette hakufuta. Alikaa akiutazama ukuta, machozi yanamtiririka bila kuyapangusa, maana mikono ilikuwa kazini.

"Nisomee tena mustari wa mwisho," alisema. "Sikuusikia muzuri."

Ulikuwa tayari kwenye kioo, herufi zote mahali pake, lakini hakuchungulia.